Ng'ombe wa Marehemu Melkiori

Melkiori hajafa. Naanza na hilo ili mtu asije akasoma kichwa cha habari hii akajifunga kanga kiunoni kwenda Mlabani kulia mlangoni pa bucha lake. Yuko palepale, anakata nyama, anapunja mizani na anamtukana kila Mndamba anayepita. Lakini kuna siku moja, mwaka 1997, alikufa kwa muda, mchana kweupe, juu ya daraja la Lumemo. Kifo kile kilitufaa sana.

Mimi naitwa Dionisi. Shule niliiacha darasa la nne, na sijawahi kuona sababu ya kuirudia. Naendesha mashine ya kukoboa mpunga hapa Mlabani, Ifakara. Kazi yangu ni kusimama karibu na mchele kutwa nzima, na mwili wangu unaonyesha hivyo. Mke wangu ni Kandida, mzaliwa wa Idete. Tuna binti mmoja, Rosa, ambaye alizaliwa njiani kati ya shamba na zahanati, mama yake amelala juu ya magunia na mimi nimeshika jani la mgomba kumkinga mvua. Nilikuwa natetemeka mpaka jani likawa linammwagia maji usoni. Kandida hajanisamehe lile jani.

Ndiyo maana wanawake wa Idete waliposema wanajenga nyumba ya kungojea uzazi karibu na zahanati, Kandida alikuwa wa kwanza kukanyaga udongo. Wanawake wa bondeni huku wanakaa mbali, mashambani, na maji yakijaa njia hakuna. Nyumba ile ingewawezesha kuja mapema, walale, wasubiri siku yao. Ya kwanza waliiezeka nyasi, moto wa kusafisha mashamba ukaila. Ya pili wakaamua iwe ya bati. Kuta zilisimama kwa tofali mbichi, maana hakukuwa na muda wa kuzichoma. Boriti zikapanda. Bati hazikuwapo.

Mwezi wa kumi ukaingia. Redioni wakawa wanasema mwaka huu mvua itakuwa kubwa. Tofali mbichi bila paa na mvua kubwa, huhitaji kuwa na elimu kujua mwisho wake. Kandida alikuwa akirudi kutoka Idete jioni anatazama mawingu kabla ya kunitazama mimi.

"Baba Rosa," aliniambia siku moja, "zile kuta zikirudi kuwa tope, mimi sifinyangi tena. Na wenzangu hawafinyangi tena. Itakuwa imekwisha."

Kandida si mtu wa kusema imekwisha. Nilikosa usingizi.

Mkunga wa zahanati ile, Nesi Tekla, ndiye aliyeleta habari ya mbio za hisani. Alisema huko mijini watu wanakimbia, na wengine wanaahidi kuchangia kama mkimbiaji akifika. Ajabu, lakini sawa. Wakapanga mbio kutoka Kiberege mpaka uwanja wa mpira wa Mlabani. Na kwa kuwa mwezi wa kumi huku kwetu mpunga uko ndani lakini fedha haiko mfukoni, ahadi zikawa za mpunga. Mtu anasema, "Fulani akifika natoa debe," basi. Vijana wakajiandikisha, wanafunzi, wachezaji wa mpira, na hata wakata miwa wa kiwanda cha sukari kule Kidatu wakasema wanakuja.

Mimi sikujiandikisha. Mimi niliponzwa na mdomo.

Hapa lazima nimweleze Melkiori vizuri. Yeye ni Mhehe kutoka milimani, ameshuka huku siku nyingi akafungua bucha jirani na mashine yangu. Wahehe na sisi Wandamba ni watani. Utani kwetu si maneno tu ya kupitisha muda. Mtani anaweza kukuambia lolote na ukikasirika wewe ndiye mwenye makosa. Na ukifiwa, mtani ndiye anayekuja kuuvuruga msiba mpaka wafiwa wacheke. Baba yangu alipofariki, Melkiori aliingia kaburini akalala chali, akasema hatoki mpaka apewe jogoo. Tukampa jogoo. Tukazika. Halafu, kama desturi ilivyo, mtani aliyehangaika na maiti haondoki mikono mitupu: anachagua kitu kimoja cha marehemu na hakuna wa kumnyima. Melkiori akazunguka nyumba, akatazama redio, akatazama nyavu za samaki, akachagua baiskeli. Baiskeli ya baba yangu, Foniksi nyeusi, nzima kabisa! Akaipanda palepale akaondoka anapiga kengele. Nililia kwa ajili ya baba na nikacheka kwa ajili ya baiskeli, yote kwa wakati mmoja.

Sasa, siku ile niliyoponzwa, niliingia buchani kwake kununua nyama, na watu walikuwa wengi.

"Kamwene, Mhehe," nikamwambia. "Naomba nusu kilo. Lakini nipe iliyolia moo, usinipe iliyobweka."

Watu wakacheka. Melkiori akanoa kisu bila haraka.

"Nusu kilo ya nini, wewe pipa? Ungekimbia hizo mbio za akina mama ungepungua, ungepata nafasi ya kula kilo nzima."

"Nikitaka nakimbia."

"Mndamba akimbie? Na miguu gani? Ninyi mlizaliwa ndani ya mitumbwi. Kiuno chenu ni cha kukaa, miguu ni ya kukunja. Ukimweka Mndamba nchi kavu anauliza kasia liko wapi."

"Nitatoka Kiberege mpaka hapa na nitakupita hapo ulipo umesimama."

"Nyie mmesikia?" Akageukia watu. "Mmesikia wote? Basi mimi Melkiori, mbele ya hii mizani, nasema hivi. Huyu mtu akitoka Kiberege kwa miguu yake, asipande kitu, akafika uwanjani kabla kengele ya kanisa ya mchana haijalia, natoa dume langu jekundu liende kwenye bati za akina mama."

Dume lile lilikuwa linajulikana. Alikuwa analinenepesha kwa ajili ya Krismasi, na wanene wote wa Mlabani tulikuwa tumeshalipigia hesabu ya mapaja.

"Na asipofika?" mtu akauliza.

"Asipofika, anakoboa mpunga wangu bure maisha yake yote, na ananisalimia shikamoo kila asubuhi."

Mimi ni mkubwa kwake kwa miaka. Nikasema, "Nimekubali," nikatoka bila hata kuchukua nyama.

Kandida alikuwa ameshapata habari kabla sijafika nyumbani. Nilidhani atanigombeza. Aliniketisha akanitazama tumbo, akanitazama miguu, kama mtu anayetazama baiskeli ya mitumba.

"Nesi Tekla amesema mpunga ulioahidiwa unatosha misumari na bati za upande mmoja," alisema. "Upande wa pili ni hilo dume, Baba Rosa. Utakimbia."

"Mama Rosa, ule ulikuwa utani."

"Utakimbia."

Nikaanza mazoezi. Jioni ya kwanza nilikimbia kutoka mashineni mpaka msikitini na kurudi. Huku kwetu mtu mzima akikimbia barabarani watu wanauliza kafa nani. Wanawake watatu walitoka majumbani wameshika vichwa, na mzee Pantaleo, fundi cherehani, akafunga kibanda chake akanifuata akidhani kuna msiba. Baada ya hapo nilikuwa nafanya mazoezi alfajiri, kwenye majaruba ya mpunga yaliyokauka, ambako wa kunicheka walikuwa ndege tu.

Siku yenyewe lori lilitupeleka Kiberege kukiwa bado na ukungu. Tulikuwa wengi kuliko nilivyotegemea. Kulikuwa na kijana mmoja mkata miwa, Obadia, mrefu, mwembamba, magoti yake kama mafundo ya muwa. Alikuja kunisalimia.

"Shikamoo, mzee. Na wewe unakimbia?"

"Marahaba. Mimi nakimbiza ng'ombe."

Hakuelewa, akacheka kwa heshima. Nesi Tekla akapuliza filimbi, na Obadia sikumwona tena mpaka uwanjani.

Nilipozipita nyumba za mwisho za Kiberege, nyuma yangu nikasikia kengele ya baiskeli. Naijua kengele ile tangu utoto. Melkiori alikuwa amekuja na Foniksi ya baba yangu kunisindikiza, kuhakikisha sipandi lori. Alikuwa na chupa ya maji kwenye usukani na muwa mdomoni.

"Endelea, endelea," akasema huku akitafuna. "Unakwenda vizuri. Kobe wawili tu ndio wamekupita."

"Hiyo baiskeli ina pancha," nikamwambia.

"Haina. Baba yako alikuwa mtunzaji mzuri. Hakukuachia tabia yake hata moja."

Nilikimbia kidogo, nikatembea, nikakimbia. Vumbi la barabara ile unalijua kama umewahi kuipita: jekundu, jepesi, linaingia mpaka kwenye meno. Malori yalipita na abiria wakapiga kelele, "Mzee, panda!" na Melkiori akawajibu, "Msimpandishe, ni mgonjwa wa akili, tunampeleka hospitali kwa miguu!" Mahali pengine watoto walikimbia pembeni yangu. Mahali pengine mama mmoja aliyekuwa anaanika mpunga alinipa maji, akaniuliza nakimbia kwa ajili gani. Nikamweleza. Akaingia ndani akatoka na debe la mpunga, akasema atalipeleka mwenyewe. Akasema mdogo wake alijifungulia kwenye mtumbwi mwaka juzi, na mpaka leo mtoto hapendi kukaa chini.

Nikapita kijiji cha Signali. Miguu ilikuwa inawaka na tumbo lilikuwa na mwendo wake peke yake, mimi nikienda kushoto lenyewe kulia. Lakini nilikuwa nakwenda. Hilo lilinishangaza mimi na lilimshangaza Melkiori zaidi. Tulipofika Kibaoni jua lilikuwa halijasimama utosini. Melkiori akaacha kutafuna. Akatazama jua, akanitazama mimi, akatazama tena jua.

"Dionisi," akasema kwa sauti ya kirafiki iliyonitia wasiwasi, "huoni kizunguzungu? Kaa hapa kivulini kidogo. Nitakupa maji."

"Peleka maji kwa ng'ombe wangu."

Melkiori akainama kwenye usukani akakanyaga pedeli, akapotea mbele na vumbi lake. Nikafurahi nimemshinda. Sikujiuliza anakwenda wapi.

Alikwenda darajani.

Daraja la Lumemo wakati ule lilikuwa jembamba. Nilipofika nikaona watu wamejaa pande zote mbili, na wanawake wa Idete, Kandida akiwa mbele, wamekuja hapo kunipokea kwa vigelegele. Lakini hakuna aliyekuwa anapiga kigelegele. Katikati ya daraja, amejilaza akatulia, alikuwa Melkiori. Amelala chali kuziba njia yote, mikono imekunjwa kifuani, macho yamefumbwa, na puani ameweka pamba. Ameweka pamba kweli! Baiskeli ya baba yangu ameilaza miguuni, ili nafasi iliyobaki nayo isipitike.

Nikasimama. Kumruka maiti kwetu hakufanyiki. Na mtani akijilaza hivyo lazima umtoe kwa kitu, kama tulivyomtoa kwa jogoo kaburini kwa baba. Watu wote pale walijua. Kulikuwa na wakata miwa watatu waliokuwa wamechelewa, wametoka mikoa mingine, wao wakasimama wanashangaa.

"Mzee, si tumnyanyue tu?" mmoja akauliza.

"Usimguse!" watu kumi wakamjibu kwa pamoja.

Nikavua kofia nikaiweka kwenye kiganja chake. Kiganja kikafunga, kofia ikaingia chini ya kichwa ikawa mto.

"Maiti ni mzito bado," Melkiori akasema bila kufumbua macho.

Nikavua shati. Likapokelewa. Nikavua viatu, raba nilizoazima kwa mzee Pantaleo. Vikapokelewa, kimoja kimoja, bila haraka.

"Bado," maiti akasema. "Miguu yangu haijapata nguvu."

"Melkiori, sina kitu kingine!"

"Una kaptura."

Watu wakapasuka kwa kicheko, na mimi mwenyewe, Mungu anisamehe, nikaanza kucheka. Nilikuwa bado nacheka kengele ya kanisa ilipolia. Ilisikika vizuri sana pale mtoni. Ikalia, ikalia, na kila ilipolia vicheko vikapungua, mpaka ikabaki yenyewe peke yake.

Melkiori akafumbua jicho moja.

"Mchana umefika," akasema. "Ng'ombe wangu amepona." Akalifumba tena, akatabasamu, akaendelea kulala. Alikuwa anaufaidi ule ushindi.

Nikakaa chini kwenye ukingo wa daraja, kifua wazi, miguu mitupu. Uwanja ulikuwa karibu kiasi cha kusikia ngoma. Nikamtafuta Kandida kwa macho. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama upande wa Idete, ambako wingu moja jeusi lilikuwa limekaa juu ya mlima kama mtu aliyekuja kudai chake. Mikono yake ilikuwa bado na nyufa za udongo wa zile tofali. Nimeishi na yule mwanamke miaka mingi na sijawahi kumwona amechoka vile.

Halafu akageuka. Akamtazama Melkiori pale chini kwa muda mrefu. Akatazama pamba puani. Akatazama baiskeli ya baba mkwe wake. Nikaona kitu kinaanza kwenye pembe ya mdomo wake. Akaitoa kanga ya mabegani, akaiweka kichwani, akaweka mikono yote miwili juu yake.

"Uwiii!" akalia. "Uwiii jamani! Shemeji yangu Melkiori amekufa!"

Kila mtu akaruka. Hata maiti alishtuka kidogo.

"Amekufa, jamani! Kijana wa watu, hajaoa mke wa pili! Nani atatuuzia mifupa kwa bei ya nyama?"

Wanawake wa Idete hawakuhitaji kuambiwa. Walishika vichwa wakaanza kulia, wengine wakajitupa chini, wengine wakamzunguka Melkiori wakamfunika kanga kuanzia miguu mpaka shingoni. Nesi Tekla, aliyekuwa amerudi na lori, mtu wa serikali kabisa, mwenye filimbi shingoni, akampima mapigo ya moyo mkononi akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Amekwenda," akasema.

Melkiori alikuwa anajizuia asicheke, tumbo linapanda na kushuka chini ya kanga. "Lieni vizuri," akanong'ona. "Wa pembeni hawatoi machozi."

Kandida akatandika kanga yake kichwani kwa maiti. "Rambirambi, jamani! Msiba hauna mwenyewe!"

Hapo ndipo watu wa Ifakara walipoonyesha walivyo. Walikuja. Walipita mmoja mmoja wakatupa noti, sarafu, na mmoja akaleta kuku hai akamfunga kwenye usukani wa baiskeli. Mzee Pantaleo akatupa noti, halafu akachomoa raba zake kutoka chini ya kichwa cha marehemu. Wale wakata miwa watatu wakaniuliza, nikawaeleza, wakacheka mpaka wakakaa, nao wakatoa. Abiria wa lori lililokwama nyuma yetu wakashuka wote kuja kutoa heshima za mwisho.

"Wasifu!" mtu akapiga kelele. "Wasifu wa marehemu!"

Wakanisukuma mbele. Sijawahi kuhutubia watu, lakini mtani wako akifa unasema.

"Marehemu Melkiori," nikaanza, "alizaliwa milimani, akashuka Ifakara kukimbia baridi na kupiga deki nyumbani kwa mama yake. Alikuwa mtu wa watu, hasa watu wasioangalia mizani. Mbwa wa mtaa wetu walimwogopa kwa sababu wanazozijua wenyewe. Hakuwahi kumnyima mtu maneno. Ameacha mke, watoto, bucha, na pengo ambalo wali utaliziba."

"Amina!" wakajibu. Kanga ilikuwa inatetemeka kwa kicheko.

"Na ameacha nini tena?" Kandida akauliza kwa sauti ya kilio. "Jamani, tutajieni mali za marehemu, tusije tukadhulumu."

"Kisu!" watu wakasema. "Mizani mbovu! Baiskeli!"

"Na?"

Halafu sauti moja kutoka nyuma, kisha zote kwa pamoja: "Ng'ombe!"

Kanga ikaacha kutetemeka.

"Baba Rosa," Kandida akaniambia, na sasa hakuwa analia tena, "mtani aliyehangaika na msiba anachagua kitu kimoja. Au nimekosea desturi? Wewe ndiye mtani wa marehemu. Umemtolea kofia, umemtolea shati, umemsomea wasifu. Chagua."

Sikuzunguka nyumba kama yeye alivyozunguka ya baba yangu.

"Nachagua dume jekundu," nikasema.

Melkiori alikaa wima kwa haraka, pamba zikaruka kutoka puani.

"Mimi niko hai!"

"Uwiii, mzimu!" wanawake wakakimbia, wakarudi.

"Niko hai, nasema! Haya, nimeamka. Msiba umekwisha. Kengele imelia, hakufika!"

"Ahadi ya kengele umeshinda, shemeji, hakuna anayebisha," Kandida akamwambia. "Ahadi ile imekufa pamoja na wewe. Sasa tuko kwenye mirathi. Umelala mwenyewe, hakuna aliyekulaza. Pamba umejiwekea mwenyewe. Tumelia ukatuambia tulie vizuri. Unataka kufufuka? Fufuka. Lakini kwanza turudishie machozi yetu."

Melkiori akafungua mdomo. Akatazama watu: mamia, wote wanangoja. Alikuwa na njia moja tu ya kutoka, nayo ni kukasirika. Na mtani akikasirika utani umekufa, na mtu ambaye utani wake umekufa hapa bondeni hana pa kwenda Jumapili. Akanitazama mimi, nimesimama na kaptura na vumbi. Akaitazama baiskeli. Nikamwona anakumbuka ile siku alivyoondoka kwetu anapiga kengele.

Ndipo alipocheka. Si kicheko cha adabu. Alicheka mpaka akarudi kulala chali palepale, akapigapiga daraja kwa viganja.

"Nimeuawa!" akasema. "Nimeuawa na Wandamba! Nileteeni kamba nikamfungue mwenyewe, msije mkamkosea heshima."

Vigelegele vilivyopigwa pale nadhani Kiberege walivisikia.

Mbio nilizimaliza. Kandida alinifunga kanga mabegani nisiingie uwanjani kifua wazi, nikaingia nikiwa wa mwisho kabisa, miguu mitupu, kama bibi harusi aliyepotea njia, na nyuma yangu umati mzima wa waombolezaji wakiimba. Obadia, aliyekuwa wa kwanza, alikuwa ameshaoga, amekula na amelala kivulini. Aliamka akanipigia makofi.

"Mzee, umempata ng'ombe?"

"Nimemrithi."

Baada ya hapo tukamwona Melkiori anakuja anamvuta dume kwa kamba, amejifunga kitambaa cheusi kichwani kama mfiwa, analia kwa sauti: "Kwaheri, Krismasi! Kwaheri, mapaja!" Alimchinja mwenyewe na kumuuza mwenyewe kwa ajili ya nyumba ile, na nitasema ukweli hata kama unaniuma: siku hiyo mizani haikupunja. Kama alikuwa na nia ya kumtoa tangu mwanzo, au tulimnyang'anya, sijui. Nimemuuliza mara nyingi. Kila mara ananijibu jibu tofauti.

Bati zilifika Idete kwenye mkokoteni. Mafundi walipigilia upande wa mpunga kwanza, halafu upande wa ng'ombe, ndivyo wanawake wanavyoziita pande zile mpaka leo. Msumari wa mwisho ulipoingia mimi nilikuwa chini nashika ngazi, kazi inayonifaa.

Mvua ikaja. Kila mtu anaikumbuka mvua ya mwaka ule. Mito ilisahau kingo zake. Usiponiamini kuhusu mbio, hiyo mvua huwezi kuibishia. Ilipoanza, mimi na Kandida tulikuwa Idete kwa dada yake. Akanishika mkono tukakimbia, ndiyo, nilikimbia tena, mpaka ndani ya ile nyumba. Tukasimama katikati. Bati zilikuwa zinapiga kelele kiasi kwamba niliona mdomo wake unasema kitu na sikusikia. Akagusa ukuta kwa kiganja. Mkavu. Akagusa mwingine. Mkavu. Akazunguka nyumba nzima anagusa kuta, na alipomaliza akanirudia anacheka, na maji yaliyokuwa usoni kwake safari hii hayakutoka kwenye jani la mgomba.

Mama wa kwanza kujifungulia pale aliitwa Noela, aliletwa kutoka mashambani kabla maji hayajafunga njia. Alipata mtoto wa kiume. Melkiori alisikia, akaja na Foniksi kwenye tope lote lile, amelowa, amebeba mifupa ya supu kwa ajili ya mzazi.

"Mtoto anaitwa nani?" akauliza mlangoni.

"Melkiori," Noela akamwambia.

Yule bwana akageuza uso, akajipangusa kwa mkono uliolowa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona hivyo.

"Kwetu jina la mtu mwema tunampa mtoto," Noela akaendelea, uso wake mkavu kabisa, "mwenyewe akishafariki."

Tulicheka mpaka Nesi Tekla akatufukuza nje.

Sasa yule mtoto anakwenda shule, na kila Krismasi marehemu anampelekea shati. Kwa kila njia tumeshamalizana, mimi na Melkiori. Isipokuwa baiskeli ya baba yangu hajairudisha, bado anaipanda, na bado anapiga ile kengele akipita mashineni kwangu. Sina haraka. Naitunza afya yangu, nakimbia kidogo alfajiri kwenye majaruba, na nasubiri msiba wake wa kweli.